Miguu ya Unyamwezi: Upagazi, Barabara ya Misafara na Mwili Unaodai Mwendo

Katika karne ya 19, ukiacha jembe, kazi kubwa kuliko zote katika nchi ambayo leo ni magharibi mwa Tanzania ilikuwa kutembea. Wanyamwezi waliibeba biashara ya bara mabegani mwao: pembe za ndovu zikishuka pwani, na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba zikipanda bara. Barabara yao kuu ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali hadi Tabora, kisha ikavuka mto Malagarasi na kuishia Ujiji, ufukweni mwa ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa takribani kilomita 1,200. Habari za barabara hiyo husimuliwa zaidi kwa upande wa biashara, utumwa na safari za Wazungu. Upande wa mwili, yaani jinsi watu walivyofundishwa kwenda, walivyopangiwa mwendo wao na walivyouchukulia, haujaandikwa sana. Nao una maana mpya leo, kwa sababu madaktari wanaowatibu watu wazima wenye upungufu wa umakini na mhangaiko, hali inayojulikana duniani kwa herufi ADHD, wanalitaja zoezi la mwili kuwa sehemu ya matunzo yake.

Wanyamwezi hawakungoja kuitwa. Tangu mwanzoni mwa karne hiyo walikuwa wakishuka pwani wenyewe na pembe zao, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili hawajajenga Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Makazi ya wageni hao, Kazeh na vijiji vilivyokizunguka, yalikua katikati ya karne na ndiyo yaliyozaa mji wa Tabora. Hapo misafara iligawanyika: mmoja ukielekea Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda, mwingine kusini. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 njiani, wakapokelewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Msafiri mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1871, alijisifu kuwa amefika Unyanyembe kwa siku 84. Tofauti hiyo haikutokana na miguu ya wapagazi, maana ilikuwa miguu ile ile. Ilitokana na maradhi ya viongozi, mazungumzo marefu ya hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo, na uhodari wa kupata chakula njiani.

Kwa Mnyamwezi wa zama hizo, safari ya pwani ilikuwa zaidi ya ajira. Ilikuwa kipimo cha utu uzima. Burton aliandika kwamba mtoto wa miaka sita au saba alikuwa tayari anabeba kipande kidogo cha pembe begani, akijizoeza. Kijana aliyebaki nyumbani alichekwa na kufananishwa na kuku anayeatamia mayai. Aliyerudi alirudi na nguo, na habari, na jina; na kwa nguo hizo aliweza kununua ng'ombe au kutoa mahari. Wanawake nao walikwenda. Katika misafara ya Wanyamwezi wenyewe wake waliandamana na waume zao, wakabeba vyungu na chakula, wakapika kambini, na baadhi wakachukua mizigo ya ujira. Kijiji kilichozoea safari kilikuwa kijiji ambamo kukaa kitako mwaka mzima kulihitaji kuelezwa, na kutoka hakukuhitaji.

Safari ilifuata majira. Wengi waliondoka mvua zikiisha na mavuno yakiwa ghalani, wakajitahidi kurudi kabla ya kilimo kuanza tena. Kwa hiyo mwaka wa Mnyamwezi mwenye afya uligawanyika kati ya jembe na njia, na mwili haukupata miezi ya kulala. Wapo waliofanya upagazi kuwa kazi ya kudumu, hasa biashara ilipopamba moto katika nusu ya pili ya karne, lakini hata hao wengi waliendelea kuhesabu maisha yao kwa mashamba ya Unyamwezi.

Siku ya msafara ilianza kabla ya jua. Jogoo waliochukuliwa na msafara wenyewe waliwika, mioto ikachochewa, na kelele za kuamshana zikaanza. Kirangozi, kiongozi wa njia, alisimama mbele na bendera yake nyekundu, amevaa joho la rangi kali, manyoya ya ndege au ngozi ya kima kichwani, na ngoma ikipigwa karibu naye. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, ambao ndio waliokuwa na heshima ya juu. Wakafuata wa vitambaa na shanga. Kisha wa mizigo midogo, wanawake, watoto na mbuzi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, bila kuhesabu mkeka, chungu, posho na silaha za mpagazi mwenyewe. Mnyamwezi aliuweka begani, tofauti na watu wa pwani waliopenda kubeba kichwani, na sugu ya bega ikawa alama ya kazi.

Mwendo wenyewe haukuwa wa kasi. Msafara ulikwenda asubuhi, ukapumzika kidogo, ukaendelea, na mara nyingi kabla ya adhuhuri kambi ilikuwa imeshapigwa. Kilomita 15 hadi 20 zilitosha kwa siku. Palipokuwa hapana maji, ulifanywa mwendo wa telekeza: msafara uliondoka mchana, ukaenda mpaka usiku, ukalala bila maji, na kuyafikia asubuhi iliyofuata. Huo ulikuwa mwendo wa kuchosha kuliko yote na Wanyamwezi waliuogopa kwa haki. Siku za kawaida zilikuwa na mpango ambao kila mtu aliujua: kuondoka kwa ngoma, kuimba njiani, kupumzika kwa mlio wa baragumu, kufika, kukata miiba ya boma, kupika. Nyimbo zilikuwa za kupokezana, kirangozi akianza na mstari mzima wa watu ukiitikia, na maneno yake yaliweza kuwa ya mapenzi, ya nyumbani, au ya kumsema tajiri mchoyo. Wageni walishangazwa na jambo moja kuliko mengine: watu waliokuwa wametembea asubuhi nzima na mzigo huo walicheza ngoma jioni mpaka usiku ukawa mkubwa.

Inafaa kusimama hapa, kwa sababu ndipo ulipo utajiri wa habari hii. Upagazi haukumwachia mtu mmoja mmoja kazi ya kujiamsha, kujipangia, kujikumbusha na kujihimiza. Kazi hiyo yote ilifanywa na ngoma, bendera, wimbo na wenzake. Mnyapara, msimamizi wa wapagazi, alijua nani amechelewa. Mgonjwa alionekana mara moja kwa sababu nafasi yake katika mstari ilibaki wazi. Lengo la siku lilikuwa karibu na la kuonekana kwa macho: mto ule, mti ule, kijiji kile, na baada yake chakula. Malipo ya safari nzima yalikuwa mbali, lakini posho ilikuja kila baada ya siku chache, ikipimwa kwa kibaba au kwa mkono wa kitambaa cha kununulia nafaka.

Hata hivyo, si haki kuipamba barabara hiyo. Ndui iliwaua wapagazi kwa makundi, na maiti zilizoachwa kando ya njia zimetajwa na karibu kila msafiri aliyeandika. Njaa ilikuwa ya mara kwa mara Ugogo na Mgunda Mkali. Vidonda vya miguu, homa na kuhara vilimaliza nguvu za vijana waliotoka kwao wakiwa wazima. Katika barabara hiyo hiyo walipitishwa mateka waliofungwa kwa minyororo, na baadhi ya waliobeba pembe walikuwa watumwa wasio na ujira wala hiari. Wapagazi huru walijua thamani ya kazi yao: waligoma, walidai nyongeza, na mzigo ulipozidi au posho ilipokatwa waliuweka chini na kutoweka usiku. Mwili wa binadamu ulinufaika na mwendo. Haukunufaika na frasila mbili juu ya tumbo tupu.

Tahadhari nyingine ni ya kihistoria. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko kwamba wapagazi hawatulii, wanabadili nia, wanasahau mapatano, wanakasirika upesi. Msomaji wa leo anaweza kushawishika kuyasoma maneno hayo kama orodha ya dalili za ADHD. Kufanya hivyo ni kosa. Maneno hayo yalitoka kwa waajiri waliokuwa wakibishana na vibarua kuhusu ujira, na yalibeba dharau ya zama zao. Watu hao hao waliodaiwa kutokuwa na subira walivusha maelfu ya mizigo kwa miezi mitatu bila barabara ya mawe wala gari. Wenzao, wakiongozwa na watumishi Chuma na Susi, waliubeba mwili wa msafiri Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo alikofia mwaka 1873, wakapita Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Hakuna njia ya kumpima ugonjwa mpagazi wa karne ya 19. Kinachoweza kusemwa ni kidogo zaidi na cha hakika zaidi: jamii ile iliweka mbele ya vijana wake, watulivu na wasiotulia, kazi yenye heshima ambayo haikumtaka mtu akae.

Kazi hiyo ilikufa katika kipindi cha miaka 20 hivi. Wajerumani walipoingia bara, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana nao, na Januari 1893 boma lake lilipovamiwa aliwasha baruti yake mwenyewe ili asikamatwe. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya watu. Vita Kuu ya Kwanza iliurudisha upagazi kwa sura yake mbaya kabisa, safari hii kwa kulazimishwa. Wabebaji waliotumikia majeshi walikufa kwa wingi kwa maradhi na uchovu, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Tabora yenyewe ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Baada ya vita vijana wa Unyamwezi waliendelea kusafiri, sasa kwa mkataba, kwenda kukata mkonge Tanga wakiitwa manamba.

Mabadiliko yaliyokuwa makubwa zaidi yalikuja kimya kimya. Tabora ikawa mji wa reli, wa makarani, wa mahakama na wa shule. Shule ya serikali iliyofunguliwa huko katika miaka ya 1920, ambako baadaye Julius Nyerere alisoma, ilifundisha watawala na makarani wa kesho, na elimu hiyo ilitolewa kwenye dawati. Mtu mzima wa heshima akawa mwenye kiti na meza. Yule aliyekuwa akichekwa kama kuku anayeatamia akawa ndiye mfano wa kuigwa, na asiyeweza kukaa akaanza kuonekana ana kasoro.

Wakati huo huo, mbali na Tabora, utabibu ulikuwa ukijaribu kuieleza kasoro hiyo. Mwaka 1902 daktari George Still alitoa mihadhara London juu ya watoto wenye akili timamu lakini wasioweza kujizuia wala kudumu katika jambo. Mwaka 1937 Charles Bradley, Marekani, aligundua kwamba dawa ya kuchangamsha iliwasaidia baadhi ya watoto wa namna hiyo kutulia na kusoma. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa hali hii huisha utotoni. Tangu mwishoni mwa karne ya 20 imekubalika kwamba kwa wengi haiishi: hubadili sura tu. Kuruka na kukimbia kwa mtoto hugeuka kuwa mahangaiko ya ndani kwa mtu mzima, kusahau ahadi, kuanza kazi kumi bila kumaliza moja, kuchelewa, kufanya maamuzi kwa pupa. Makadirio ya kitaalamu huweka watu wazima wenye hali iliyodumu tangu utotoni karibu asilimia 2.5. Haitokani na uvivu wala malezi mabaya; mchango wa urithi ni mkubwa, na mifumo ya dopamini na noradrenalini katika ubongo inahusika.

Afrika Mashariki imechangia utafiti mmoja wa kuvutia juu ya suala hili. Mwaka 2008 watafiti waliochunguza Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, walichapisha matokeo kuhusu aina moja ya jeni ya kipokezi cha dopamini ambayo tafiti nyingine zimeihusisha, kwa uhusiano mdogo, na ADHD. Miongoni mwa Waariaal waliokuwa bado wanahama na mifugo, wanaume wenye aina hiyo walikuwa na lishe nzuri kuliko wenzao. Miongoni mwa ndugu zao waliokwisha kutulia kijijini na kulima, wenye aina ile ile walikuwa na lishe duni kidogo. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo, na jeni moja haimfanyi mtu kuwa mgonjwa au mzima. Lakini matokeo hayo yanaonyesha jambo ambalo Mnyamwezi wa mwaka 1860 angelielewa: maumbile yale yale yanaweza kuwa mzigo mahali pa kukaa na nguvu mahali pa kwenda.

Zoezi hufanya nini hasa? Mwendo wa kasi, mbio, baiskeli au kuogelea hupandisha moyo na kuongeza utendaji wa dopamini na noradrenalini, kemikali zile zile zinazoguswa na dawa za ADHD. Athari ya mara moja hudumu kwa muda mfupi baada ya zoezi. Utafiti mwingi umefanywa kwa watoto; wa watu wazima ni mchache na makundi yake ni madogo. Jaribio moja lililofanyiwa vijana wa kiume wa chuo huko Georgia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016, lilikuta kwamba dakika 20 za baiskeli ziliwaongezea ari ya kufanya kazi na kuwapunguzia uchovu na kuvurugikiwa mawazo, lakini hazikubadili umakini wenyewe uliopimwa. Majaribio mengine yameona maboresho madogo katika kasi ya kuitikia. Picha ya jumla ni hii: zoezi huinua hali ya moyo, usingizi na ari, na huenda likasaidia kujizuia, lakini haliponyi, wala halichukui nafasi ya dawa kwa mtu anayezihitaji. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa mwaka 2018 unawataka madaktari wasisitize lishe bora na mazoezi ya kawaida kwa kila mwenye ADHD, mtoto na mtu mzima. Shirika la Afya Duniani, kwa watu wazima wote, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki.

Ugumu hauko katika kujua hayo. Uko katika kuyatenda, na hapo mwenye ADHD ana kikwazo cha pekee: zoezi la kila siku linadai uwezo ule ule aliopungukiwa, yaani kupanga, kukumbuka, kuanza bila kusukumwa na kurudia jambo lililokwisha kuchosha. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajitahidi ni kumwambia aufanye mguu uliovunjika uwe mkongojo. Barabara ya misafara ilikuwa na jawabu bora, na jawabu hilo ndilo sehemu ya urithi wa Tabora inayostahili kuchukuliwa, si uzito wa mizigo wala urefu wa njia. Saa moja isiyobadilika kila asubuhi. Mwenzi anayengoja mlangoni. Kikundi chenye kiongozi. Lengo la karibu linaloonekana. Wimbo au ngoma ya kushika mwendo. Chakula baada ya kufika. Vikundi vya mbio za pole ambavyo siku hizi hupita alfajiri katika mitaa ya miji ya Tanzania, vikiimba kwa kupokezana, vimeuhifadhi mpango huo karibu wote. Kwa mtu mzima mwenye ADHD kujiunga na kikundi kama hicho kuna faida kuliko kununua viatu na kuapa kukimbia peke yake.

Hoja hii ina uzito zaidi mahali ambapo dawa ni adimu. Methilifenideti, dawa inayotumika sana duniani kwa ADHD, ilipelekwa mbele ya kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ili iingie katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2019 na tena 2021 kamati haikuikubali. Madaktari wa akili katika Afrika Mashariki ni wachache, na wamejaa mijini. Mtu anayejitambua katika dalili zilizotajwa hapo juu anastahili kwanza kumwona daktari, maana sonona, wasiwasi, matatizo ya tezi na kukosa usingizi huweza kufanana na ADHD. Na mwenye maradhi ya moyo au presha apimwe kabla ya kuanza mazoezi mazito. Baada ya hapo, mwendo ni sehemu ya matunzo inayoweza kuanzwa siku hiyo hiyo.

Barabara ya kati kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iliwekwa na Tanzania mwaka 2006 katika orodha ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Kwihara ni moja ya vituo vyake. Hapo ipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa makumbusho, kilomita chache kusini-magharibi mwa Tabora. Kwa miguu, bila mzigo, ni mwendo wa kati ya saa moja na saa moja na nusu kwenda tu. Mkazi wa Tabora anayekwenda na kurudi mara moja kwa wiki, na wenzake, kwa hatua za haraka, amekaribia au kufikia kiwango cha chini kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Akigawa mwendo huo katika siku tano, kama misafara ilivyogawa njia yake, ataipata athari ya muda mfupi ya zoezi siku nyingi zaidi.